Wanyama Tisa wa Rosette

Nyarugusu, tarehe 14 Januari 2001

Mjomba Placide,

Shikamoo, kama tunavyofundishwa kusema huku Tanzania. Najua utakunja uso, kwa hiyo naongeza jambo sana, la nyumbani ng'ambo ya ziwa. Sisi wazima. Mama bado anashona, ingawa cherehani inakula uzi kuliko mbuzi. Goti lake linamsumbua mvua ikikaribia, na mwezi huu mvua haijaondoka. Anasema yeye yaya yako, dada yako mkubwa, anakusalimu, na anauliza kama bado unagombana na watu wote wa Baraka au umebakiza wawili watatu. Mimi niko mwaka wa tano wa sekondari. Biolojia napata vizuri, kwa sababu yako. Fizikia usiniulize.

Sasa nikupe habari yangu. Mwezi wa kumi na moja waligawa nguo za mitumba hapa kambini. Mama alipewa koti la mtoto alibadilishe liwe blauzi. Alipolipasua mfuko kikaanguka kitu cha kijivu, kikubwa kama kipande cha sabuni, chenye kioo kidogo na vifungo. Kinakula mawe manne ya redio, yale madogo, ambayo hapa wanayaita betri. Katekista Raphaël alinipa manne yaliyochoka. Kikawaka.

Ndani ya kioo kuna mtu mdogo mwenye kofia. Anatembea porini, anakutana na wanyama, wanapigana. Wanyama hao hawapo duniani, Mjomba. Kuna maandishi, lakini si Kifaransa wala Kiingereza. Yanafanana na nyayo za kuku kwenye majivu. Raphaël anadhani ni Kijapani. Basi nimewapa majina mwenyewe. Wako sita mpaka leo. Kibofu ni mviringo, ana kiburi, mbaya kwa asili yake. Mgongo anatembea kinyumenyume, ni mnafiki. Malulu ni wadogo wengi, waoga wa kuzaliwa. Wengine nitakuandikia.

Watoto wa mtaa wetu wanakuja kila siku baada ya shule kuwatazama. Je, unaona upuuzi? Sema kweli, utasema tu.

Mpwa wako,
Rosette


Baraka, tarehe 27 Februari 2001

Mpwa wangu Rosette,

Barua yako ilivuka ziwa ndani ya gunia la ndagala, dagaa wenu, la Suzanne mchuuzi, na bado inanuka. Salamu kwa yaya Georgette. Mwambie nimebakiza watu wanne wa kugombana nao, mmoja ni pasta. Mimi nipo. Paa la nyumba liko nusu, nalala kwenye nusu iliyobaki. Nafundisha watoto thelathini na mmoja katika jengo la kanisa, bila kiti hata kimoja. Shamba la muhogo la marehemu baba limevunwa na watu wasiolilima. Wenye bunduki wanashika mji, Mai-Mai, wapiganaji wa kienyeji, wanashika milima kuelekea Fizi, na sisi tunashika vichwa vyetu.

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa kalamu nyekundu.

Hapana, si upuuzi. Upuuzi ni namna ulivyoandika. «Mbaya kwa asili yake.» Ulimwona akifanya nini? «Waoga wa kuzaliwa.» Ulikuwepo walipozaliwa? «Mnafiki.» Mnyama asiye na kinywa anafanyaje unafiki? Nilikufundisha kuchora panzi ukiwa na miaka kumi, na hukuandika chini ya panzi kwamba ana kiburi.

Nisikilize, maana hapa sichezi. Mwaka 1996, kabla hamjakimbia, nilisikia sokoni watu wazima, watu wenye diploma, wakisema kwamba watu wa milimani wenye ng'ombe asili yao ni nyoka. Sebineza, mmoja wao, alifundisha hesabu darasa la pembeni yangu miaka tisa. Alikuwa anakopesha chaki na kurudisha vitabu kwa wakati. Asubuhi moja akawa nyoka, akaondoka na watoto wake kwa miguu, na mimi nilipopiga kelele nikaambiwa nimenunuliwa. Sasa gurudumu limegeuka. Wenye mji leo wanatuambia sisi Wabembe kwamba asili yetu ni uchawi na usaliti. Maneno ni yaleyale, wamebadilisha jina tu. Mtu akishakuambia asili ya mwenzako, ujue amekwisha kuamua atakachomfanyia.

Kwa hiyo fanya kazi. Chukua kaye, hilo mnaloliita daftari huko, piga mistari. Kibofu anapopigwa hufanya nini? Mara ngapi kati ya kumi? Nani anaanza? Anakula nini? Nataka ulichokiona kwa macho, na usipoona andika «sijaona». Neno hilo halijamuua mwandishi yeyote.

Na uniletee picha zao. Watoto wangu hapa hawana kitabu. Watasoma wanyama wako.

Mjomba wako,
Placide Etabo


Nyarugusu, tarehe 2 Aprili 2001

Mjomba mpendwa, mwenye kalamu nyekundu,

Tumepokea. Mama alicheka mpaka akalia, halafu akalia bila kucheka, kwa ajili ya shamba la babu. Goti ni lilelile. Jirani yetu Marthe amejifungua mapacha, wote wazima, kelele usiku na mchana. Mtihani wa fizikia nimepita kwa alama ambayo sitaitaja.

Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikachukua kaye.

Kibofu haanzi. Nimehesabu mapambano ishirini, hakuanza hata moja. Akipigwa anavimba. Akipigwa tena anavimba zaidi. Mara ya tatu anapasuka, na kila aliye karibu anaumia, hata wenzake. Asipoguswa, anatembea mpaka kwenye nyasi na kukaa. Nilimwita mbaya kwa sababu nilikuwa ninampiga mimi.

Malulu wakipigwa wanagawanyika. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanne. Wakibaki wawili hawapigani tena, wanakula majani.

Mgongo anakuja kinyumenyume kwako kila ukimtazama. Ukisimama, anasimama. Kwa nini? Sijaona.

Nyamaji ana manyoya ya bluu. Akipita majini, moto haumpati. Risasi za yule mtu mwenye kofia (anarusha vitu kama mbegu) zinateleza. Lakini akila tunda jekundu, nguvu zake zinakwisha, mpaka avuke mto tena. Akiguswa na jike kabla ya pambano, hatoki kabisa. Nimeona mara saba kati ya saba.

Wako tisa sasa. Wote nimewachora, na chini ya kila mmoja nimeandika anakaa wapi porini, anaogopa nini, na nguvu zake zinakwishaje. Wa tisa ndiye ninayempenda. Jina lake Lisika. Hapigani. Akikuta mayai ya adui yasiyo na mtu, anayalalia mpaka yanapasuka, halafu anaondoka kabla vifaranga havijafungua macho.

Kuhusu mashine yenyewe sina mengi ya kusema. Wasome watoto wako.

Rosette


Baraka, tarehe 19 Juni 2001

Mpwa wangu Rosette,

Salamu kwako na kwa yaya Georgette, na mapacha wa Marthe. Utaona mwandiko si wangu. Ni wa Jacques, mwalimu mwenzangu, ambaye anaandika ninayosema na kuharibu alama za vituo. Nilianguka kwenye baiskeli, mkono wa kulia umepumzika. Basi, tuliache.

Barua yako ya Aprili imesomwa na watu wengi kuliko tulivyokusudia. Kwenye bariyeri ya ufukoni, kizuizi cha askari, walimwaga gunia la Suzanne. Suzanne yuko salama, usimfikirie vibaya. Alitukana kuanzia saa mbili mpaka saa nne, wakamchoka wakamwachia. Bahasha ikaenda kwenye biro, ofisi yao ya usalama, nami nikaitwa mbele ya ofisa.

Wewe unaona wanyama wa kwenye kioo. Fikiria wao wameona nini. Orodha ya tisa, kila mmoja ana jina lisilo la ukoo, anakaa kwenye kona fulani ya pori, risasi zinateleza mwilini mwake akipita majini, ana chakula alichokatazwa, haguswi na mwanamke kabla ya vita, na akivunja mwiko nguvu zinakwisha mpaka avuke mto. Hapa kwetu hata mtoto wa miaka sita akisikia hayo atakuambia: huyo ni Mai-Mai, na hiyo ni dawa yake ya risasi. Ukienda kuulizia pande zote za Fizi, hutapata mtu wa kuielewa barua yako vingine. Nakiri nilipoisoma upya machoni pa ofisa, nilitaka kumkamata Nyamaji mimi mwenyewe.

Nilimwambia ni nyama za mchezo, kama tunavyowaita wanyama hapa. Jacques alikuwepo, anaandika maneno kama yalivyosemwa.

«Nyama?»

«Nyama.»

«Hii iko na miguu ngapi?»

«Minne. Hesabu, picha iko mbele yako.»

«We mwalimu, unanifanya miye mutoto? Nyama gani inakatazwa kula matunda?»

«Ya kwenye mashine. Mpwa wangu iko na mashine kule kambini.»

«Basi ilete.»

«Iko ng'ambo ya ziwa.»

«Njo vile, ndivyo mulivyo. Siku zote vitu vyenu viko ng'ambo ya ziwa.» Halafu akageukia wenzake: «Babembe bote ni vile. Uchawi iko mu damu.»

Nikamuuliza damu hiyo ameipima kwa chombo gani. Ndipo nilipoanguka kwenye baiskeli.

Anachotaka ni hiki. Amenipa karatasi yenye mistari tisa. Upande wa kushoto ameandika majina ya wanyama wako kwa mwandiko mzuri, sina budi kumsifu. Upande wa kulia niandike jina la mtu kwa kila mnyama, nitie sahihi, niirudishe tarehe 31 Julai. Nikifanya hivyo narudi darasani. Nisipofanya, hakusema, na mimi sikumuuliza, nisimpe raha hiyo. Mpaka siku hiyo ninaripoti kila asubuhi na siruhusiwi kutoka mjini.

Mashine ikija kabla ya tarehe hiyo na kuwaka mbele yake, habari imekwisha. Sikuombi, nakuarifu.

Placide Etabo
(kwa mkono wa Jacques, ambaye anasema alama za vituo ni sahihi)


Nyarugusu, tarehe 3 Julai 2001

Mjomba,

Mama mzima. Mimi mzima. Mapacha wazima.

Baiskeli yako ndiyo tuliyobebea magodoro mwaka 1996. Iko hapa nyuma ya nyumba, haina tairi. Niliposoma sentensi ile ya baiskeli, mama akaenda kukaa nje.

Nimeanza barua hii mara nne. Mashine imekufa. Ilikufa mwezi wa tatu, kabla sijakuandikia. Mawe ya Raphaël yalitoa maji yao ndani yake, chuma kikaota kutu ya kijani. Nilisugua kwa majivu, kwa limau, kwa petroli. Haiwaki. Watoto waliendelea kuja kila siku baada ya shule, na nilishindwa kuwaambia. Nikakaa nayo mkononi, kioo kikielekea kwangu, nikawasimulia kana kwamba naona.

Kwa hiyo wa saba, wa nane na wa tisa sikuwaona. Niliwatunga. Wewe uliniambia niandike «sijaona», na sikuandika. Lisika hayumo kwenye mashine yoyote duniani. Mengine yote ni kweli, hata tunda jekundu, hata jike. Naapa.

Ninaweza kuituma hivyo hivyo, lakini mashine iliyokufa itathibitisha nini? Watasema ni redio ya kuita Mai-Mai.

Nilimsomea mama barua yako yote. Anataka niandike maneno yake kama alivyoyasema, nami naandika:

«Mwambie mudogo wangu aache kichwa ngumu. Aandike majina ya bafu, batu balishakufa. Bafu bako bengi, habatamukasirikia. Aweke Placide mufu, Bienfait mufu, nani na nani, atie sahihi, arudi kwake. Baba alikufa, shamba ilikwenda, niko na ndugu mumoja. Mumoja! Mwambie mimi sihitaji shujaa, nahitaji mutu wa kunizika.»

Nilimuuliza, Placide mufu ni nani? Akasema, ni huyo atakayekuwa asipoandika.

Mimi sijui nikuambie nini. Mkono wangu ndio ulioandika Nyamaji. Nataka uandike majina ya wafu. Na nikiwaza hivyo naona aibu, na nikiona aibu nakuona umelala chini. Basi andika. Andika chochote.

Rosette


Baraka, tarehe 23 Agosti 2001

Mpwa wangu Rosette,

Nakusalimu, na namsalimu yaya Georgette kwa heshima yote, na namwomba akae kwanza. Mimi mzima. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Jacques alitaka kusaidia, nikamkatalia, kwa sababu barua hii nataka iwe na mwandiko mmoja na jina moja.

Kwanza mashine. Nilijua. Si kwamba mimi mjanja. Lisika alikuwa mzuri mno. Wale sita wa kwanza wana mambo yasiyoeleweka, kama mnyama yeyote: Mgongo anakuja kinyumenyume na hakuna anayejua sababu. Hao wako watatu wa mwisho, kila kitu chao kina sababu. Ulidanganya, na ningekupa sifuri. Lakini hukumdanganya mtu ili umnyang'anye. Ulikuwa na watoto mbele yako na kioo kimekufa. Hilo nalo nimeliandika kwa kalamu nyekundu, pembeni ya sifuri. Siku nyingine ukitunga, sema unatunga, kisha utunge kwa nguvu zote.

Pili, ushauri wa yaya. Niliufikiria siku sita, usidhani niliutupa. Wafu hawakasiriki, ni kweli. Lakini Bienfait, aliyekufa kwa kipindupindu, ana mjane hapa Baraka, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na ana binti wawili. Kila mfu wa mji huu ana mlango ambao bado unafunguliwa na mtu. Ningeandika jina lake mchana, na kabla ya jioni wangeupiga mlango ule kwa buti. Ningekuwa nimerudi darasani kufundisha, na hao binti zake wasiwepo. Yaya, nisamehe. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya, na kila nikiirudia inatoka vilevile.

Basi tarehe 31 nilikwenda. Nilivaa koti la harusi ya Jacques, ni refu mikono. Nikampa ofisa karatasi, mistari yote tisa imejazwa, sahihi chini, tarehe juu, kama alivyotaka. Akasoma kwa midomo. Kibofu: Placide Etabo. Malulu: Placide Etabo. Mgongo: Placide Etabo. Alifika mpaka chini, akarudi juu, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

«Nini hii?»

«Majina uliyoomba.»

«We njo nyama tisa?»

«Tisa.»

«Hata hii ya kurudi nyumanyuma?»

«Uliza batoto ba kanisani. Nikiandika ubaoni bananiona mugongo tu.»

Askari mmoja mlangoni akacheka. Ofisa akamtazama, akaacha kucheka, lakini alikuwa amechelewa. Mwingine nyuma ya dirisha akadakia: «Na ile ya kulalia mayai, mwalimu?» Nikamjibu: «Njo miye, muheshimiwa, leta mayai.» Hapo walicheka watatu. Ofisa hakucheka. Sikutegemea acheke.

Siku kumi na moja zilizofuata sitakueleza, wala sitamweleza yaya, hata akiniuliza uso kwa uso. Nitasema tu kwamba kila asubuhi waliniletea karatasi mpya yenye mistari tisa, na kila asubuhi niliandika jina langu mara tisa, na mkono wa kulia uliposhindwa nikajifunza wa kushoto. Unaweza kuhesabu. Siku ya kumi na mbili hawakuleta karatasi. Nadhani ziliwaishia. Karatasi ni shida huku.

Wakanitoa na masharti mawili. Nisifundishe. Na nisiandike tena habari za wanyama, wa kweli wala wa uongo, kwa mtu yeyote aliye ng'ambo ya ziwa.

Usije. Najua umeshawaza kuja. Maliza mwaka wa sita, chukua diploma, gombana na mwalimu wa fizikia badala ya kumwogopa. Yaya, huyu mtoto usimruhusu kupanda mtumbwi wowote. Mimi siondoki. Si ushujaa. Nina wanafunzi thelathini na mmoja, na wanangoja.

Nilifundisha jana. Nilifundisha leo. Somo la leo lilikuwa Malulu: kama mmoja anagawanyika kuwa wawili na wawili kuwa wanne, baada ya mapigo manane ni wangapi? Umutesi, msichana mmoja wa darasa la tatu, alitoa jibu kabla sijamaliza swali. Mama yake alibaki hapa wakati watu wa kwao wa milimani wote walipoondoka, na yeye anakaa mstari wa mbele kwa sababu mimi nimesema akae. Halafu akauliza: «Mwalimu, nani anabapiga?» Darasa lote likanitazama. Nikasema: andikeni swali hilo kwenye kaye zenu, ndilo somo la kesho.

Nitumie mnyama wa kumi. Mtunge, na useme umemtunga. Nitumie wa kumi na moja na wa kumi na mbili. Watoto hawa wamemaliza wale tisa.

Barua hii haisafiri ndani ya gunia. Suzanne ameteseka vya kutosha kwa ajili yetu. Sijaifunga. Kesho saa mbili asubuhi naipeleka mwenyewe kwenye bariyeri, wazi, waisome kabla haijavuka. Nitasimama pale pale wakisoma, ili wakikwama kwenye neno niwasaidie.

Mjomba wako,
Placide Etabo, mwalimu, Baraka